Dk. Papanicolaou: Mgiriki aliyeifundisha dunia kusoma seli za mlango wa kizazi

KARATASI ya majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi huwa ndogo, lakini ni wanawake wachache wanaoipokea bila moyo kwenda mbio. Ikiandikwa kwamba zimeonekana seli zisizo za kawaida, wengi husoma pale neno ambalo halikuandikwa: saratani. Mtu ambaye kipimo hicho kimebeba jina lake, Dk. George Nicholas Papanicolaou, alitumia karibu miaka 20 akisubiri madaktari wenzake wakiamini, na miaka mingine karibu 20 akiwakumbusha wasikiamini kupita kiasi.

Kwake, jibu lisilo la kawaida lilikuwa swali linalohitaji jibu jingine. Nani alijibu, kwa chombo gani, na mwanamke mwenyewe alishirikishwa kiasi gani, ni mambo yaliyochukua muda mrefu kupata ufumbuzi, na baadhi ya wanawake walilipa kwa maisha yao.

Papanicolaou alizaliwa Mei 13, 1883 katika mji wa Kymi, kwenye kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki. Baba yake, Nikolaos, alikuwa daktari na mwanasiasa wa eneo hilo, na kama walivyo wazazi wengi wa namna hiyo, aliona njia ya mwanawe imekwisha kuchorwa: asomee udaktari, arudi nyumbani, arithi wagonjwa. Kijana alitii nusu ya agizo. Alisoma Chuo Kikuu cha Athens, ambako pia alipenda falsafa, fasihi na kupiga fidla, akahitimu udaktari mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 21. Baada ya kulitumikia jeshi alirudi Kymi, lakini kazi ya kutibu haikumkaa moyoni. Alitaka kujua uhai unavyofanya kazi tangu kwenye chembe yake ya kwanza. Akaenda Ujerumani, akapita Jena na Freiburg, na mwaka 1910 akapata shahada ya uzamivu mjini Munich kwa utafiti kuhusu namna jinsia inavyoamuliwa katika viumbe vidogo vya majini.

Mwaka huo huo alimuoa Andromache Mavrogeni, binti wa ofisa wa jeshi, ambaye baadaye alifahamika zaidi kwa jina la Mary. Msomaji alishike vema jina hilo, maana bila mama huyo habari hii isingekuwepo.

Baada ya kazi ya muda katika taasisi ya elimu ya bahari huko Monaco, na kisha utumishi kama daktari wa jeshi katika Vita vya Balkan, Papanicolaou aliamua kujaribu bahati Marekani. Oktoba 1913 wenzi hao waliteremka bandari ya New York wakiwa na dola 250 na bila kukijua Kiingereza. Mary alipata kibarua cha kushona vifungo katika duka kubwa la Gimbels kwa dola tano kwa wiki. Mumewe, daktari mwenye shahada ya uzamivu, aliajiriwa katika duka hilo hilo kuuza mazulia. Inaelezwa kuwa hakumaliza zaidi ya siku moja. Akapiga fidla mgahawani, akafanya ukarani katika gazeti la Kigiriki lililochapishwa mjini humo, Atlantis.

Aliyemnasua ni mwanabaiolojia Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa akiufahamu utafiti wake wa Munich. Kwa msaada huo alipata nafasi katika Hospitali ya New York, na mwaka 1914 akaingia idara ya anatomia ya Chuo cha Tiba cha Cornell, chini ya Profesa Charles Stockard. Mary akafuatana naye maabara kama msaidizi, mwanzoni bila mshahara.

Kazi aliyopewa ilihusu simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufugwa wanaofanana na panya. Alihitaji mayai ya wanyama hao katika saa chache kabla hayajapevuka, lakini hakukuwa na njia ya kuijua saa hiyo isipokuwa kuwachinja wengi na kubahatisha. Akajiuliza: ikiwa majike ya wanyama wengine huonyesha dalili za mzunguko wao, kwa nini simbilisi wasiwe nayo iliyo ndogo mno kuonekana kwa macho? Akatafuta kifaa kidogo cha kuchunguzia pua ya binadamu, akakitumia kufungua uke wa mnyama, akachukua majimaji na kuyapaka kwenye kioo cha hadubini. Seli zilizokuwamo zilibadilika siku hadi siku kwa mpangilio uliokuwa kama kalenda. Yeye na Stockard walichapisha matokeo hayo mwaka 1917, na miaka sita baadaye watafiti wengine wa Marekani, Edgar Allen na Edward Doisy, waliitumia njia hiyo kuitambua homoni ya kike.

Kutoka kwa simbilisi kwenda kwa binadamu mtu wa kwanza kupimwa alikuwa Mary. Kwa zaidi ya miaka 20 alikubali kuchukuliwa sampuli, karibu kila siku, ili mumewe aone seli za mwanamke mwenye afya zinavyofanana mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mwezi. Hawakujaliwa watoto, na Mary aliyapanga maisha yake yote kuizunguka maabara. Vitabu vingi vya tiba vinamtaja kwa mstari mmoja. Mwandishi wa makala haya anaona mstari huo ni haba: ili kuutambua ukorofi ni lazima kwanza kuujua uzima, na uzima huo dunia iliusoma kwenye mwili wa Mary Papanicolaou.

Mwaka 1925 daktari huyo alianza kuchunguza wanawake wengine hospitalini mjini New York. Miongoni mwa vioo vyao alikutana na seli ambazo hakuwahi kuziona kwa Mary: viini vyake vilikuwa vikubwa, vyeusi, visivyo na umbo la kueleweka. Zilitoka kwa mwanamke mwenye saratani. Baadaye alieleza kuwa siku hiyo ilikuwa moja ya siku zilizomsisimua zaidi katika kazi yake.

Januari 1928 aliutangaza ugunduzi huo huko Battle Creek, jimbo la Michigan. Jukwaa lenyewe lilikuwa baya: mkutano wa watu waliohubiri uboreshaji wa kizazi cha binadamu, fikra ambazo baadaye ziliitia dunia aibu. Wataalamu wa patholojia waliosikia habari zake hawakushawishika. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Mlango wa kizazi, walisema, unafikika. Daktari akiwa na shaka anaweza kukata kinyama kidogo na kukipima. Kwa nini ahangaike na seli chache zilizobanduka? Hawakuona kwamba ili ukate kinyama ni lazima kwanza uwe na shaka, na kwamba saratani hii hukaa miaka bila kumpa mtu yeyote sababu ya kushuku.

Haki itendeke pia kwa daktari wa Romania, Aurel Babeş, aliyewasilisha mjini Bucharest mwaka 1927 njia yake ya kutambua saratani hiyo kwa seli, na kuichapisha Ufaransa mwaka uliofuata. Wawili hao hawakuwa na habari za kila mmoja. Papanicolaou alirudi kwa simbilisi na homoni zake, na kwa miaka kumi suala la saratani likalala.

Wakati huo huo, nchini Ujerumani, Dk. Hans Hinselmann alikuwa ameunda mwaka 1925 kifaa cha kuukuza mlango wa kizazi kwa lenzi na mwanga mkali, yaani kolposkopi. Katika miaka ya 1930 aligundua kuwa asidi ya siki ikipakwa hapo, sehemu zilizoharibika hugeuka nyeupe. Hapa ndipo habari inapoingia kiza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Hinselmann alihukumiwa kifungo kwa kuwafunga uzazi kwa nguvu wanawake wa jamii ya Waroma. Si hilo tu: katika kambi ya Auschwitz, daktari mkuu wa kambi, Eduard Wirths, aliendesha uchunguzi wa kolposkopi na ukataji wa nyama za mlango wa kizazi kwa wanawake wafungwa wa Kiyahudi, akishirikiana na ndugu yake aliyekuwa akifanya kazi na Hinselmann. Wanawake hao hawakuulizwa lolote. Kifaa ambacho leo ndicho hatua ya kwanza baada ya jibu baya la kipimo cha Pap kina doa hilo katika historia yake, na madaktari wa Marekani walichelewa sana kukikubali.

Bahati ya Papanicolaou iligeuka mwaka 1939. Stockard alifariki dunia, na mrithi wake, Joseph Hinsey, akamtaka Mgiriki huyo arudie kazi yake ya saratani. Akaunganishwa na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, Herbert Traut. Utaratibu uliwekwa kwamba wanawake wanaolazwa katika wodi ya magonjwa ya kike wachukuliwe sampuli. Vioo vikamiminika, na kati yake zikajitokeza saratani ambazo jicho la daktari halikuwa limeziona kabisa. Makala yao ilitoka mwaka 1941, kitabu mwaka 1943, kikiwa na picha za rangi zilizochorwa kwa mkono na msanii mwenye asili ya Japani, Hashime Murayama.

Safari hii dunia ilisikiliza, lakini likazuka tatizo jipya. Zamani mwanamke alifika hospitali akiwa anatoka damu, na daktari aliona alichopaswa kukata. Sasa alifika mwanamke mzima, anayekula na kufanya kazi, asiye na maumivu. Mlango wa kizazi wake ukitazamwa hauna kitu, na kioo kinasema kuna seli zenye kutia shaka. Afanywe nini?

Papanicolaou aliyapanga majibu katika madaraja matano. La kwanza lilikuwa la seli safi. La pili, seli zenye kasoro zisizo na dalili ya saratani. La tatu, zenye kutia shaka bila uthibitisho. La nne na la tano, zenye dalili nzito na za wazi. Daraja la tatu ndilo lililowasumbua madaktari na wagonjwa. Yeye na Traut walisisitiza kwamba hakuna mwanamke anayepaswa kufanyiwa upasuaji mkubwa kwa kutegemea kioo peke yake, na kwamba jibu lazima lithibitishwe kwa kinyama kilichokatwa na kupimwa. Ushauri huo haukufuatwa kila mahali. Kwa kuwa Marekani haikuwa na kolposkopi, daktari alikata kinyama kwa kukisia, au alimlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi na kukata kipande kikubwa chenye umbo la pia. Wapo wengi walioondolewa mfuko mzima wa uzazi kwa mabadiliko ambayo leo yangesubiriwa mwaka mmoja na kupimwa tena.

Ni vema kukumbuka pia hali ilivyokuwa kwa wasiopimwa kabisa. Mwaka 1951 mke wa Rais wa Argentina, Eva Perón, aligundulika na saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kuenea. Daktari mpasuaji George Pack aliitwa kutoka New York, mji ule ule wa Papanicolaou, akaingia chumba cha upasuaji mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa usingizi ili asijue. Evita alifariki dunia Julai 26, 1952 akiwa na miaka 33. Watu waliomzunguka walimficha jina la ugonjwa wake.

Papanicolaou mwenyewe alikuwa mtu wa kazi kupita kiasi. Mapumziko hakuyajua, na wageni waliofika kujifunza walimkuta ameinamia hadubini hata siku za mapumziko. Mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Lasker, na mwaka 1954 akatoa kitabu kikubwa cha picha za seli zinazobanduka mwilini. Jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel, lakini hakuipata. Mwishoni mwa mwaka 1961, akiwa na miaka 78, alihamia Miami kuongoza taasisi ya saratani. Hakumaliza hata miezi minne. Alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo Februari 19, 1962, akazikwa jimbo la New Jersey. Katika miongo iliyofuata, vifo vya saratani hiyo nchini Marekani vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Swali la hatua inayofuata aliliacha wazi, na hakuna mahali lilikojibiwa vibaya zaidi kuliko Auckland, New Zealand. Kuanzia mwaka 1966, Dk. Herbert Green wa Hospitali ya Taifa ya Wanawake aliamini kwamba mabadiliko mazito ya seli, yale ya hatua ya tatu kabla ya saratani, mara nyingi hayaendi popote. Akawafuatilia wanawake bila kuwatibu ipasavyo, akiwaita tena na tena kupimwa. Wengi wao hawakujua kwamba walikuwa katika utafiti. Madaktari wenzake walipinga, wakachapisha ushahidi, na baada ya waandishi wawili kuifichua habari hiyo, serikali iliunda tume chini ya Jaji Silvia Cartwright iliyotoa ripoti mwaka 1988. Hesabu za wanawake hao zilipofanywa upya na kuchapishwa mwaka 2008, ilionekana kuwa kati ya waliokatwa kinyama tu bila tiba ya kutosha, karibu asilimia 31 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kati ya waliotibiwa ipasavyo, walikuwa chini ya asilimia moja.

Hesabu hizo ndizo zinazomwongoza daktari leo. Mabadiliko mepesi, hasa kwa mwanamke kijana, mara nyingi huondoka yenyewe mwili unapowashinda virusi, hivyo kurudia kipimo baada ya mwaka ni uamuzi wa busara wala si uzembe. Mabadiliko mazito hayasubiriwi, hutibiwa. Hata hivyo, tiba nayo ina gharama: kukata sehemu kubwa ya mlango wa kizazi, au kukata mara kwa mara, huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Ndiyo maana umri, hamu ya kuzaa na hali ya kinga ya mwili huulizwa kabla ya kisu. Mjamzito anaweza kuchunguzwa kwa kolposkopi, lakini kama hakuna saratani, tiba huahirishwa hadi ajifungue. Mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi hufuatiliwa kwa karibu zaidi, kwani hatari yake ni takriban mara sita ya asiye navyo.

Madaraja matano ya Papanicolaou yenyewe yaliachwa baada ya wataalamu kukutana Bethesda, Marekani, mwaka 1988 na kuweka majina mapya. Kisha Mjerumani Harald zur Hausen, aliyevitambua virusi vya HPV aina ya 16 na 18 ndani ya saratani hiyo mwaka 1983 na 1984, alipata Nobel mwaka 2008. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kipimo cha virusi hivyo kitangulie, kwa wanawake wote kuanzia miaka 30 na kwa wenye virusi vya Ukimwi kuanzia miaka 25. Mwenye virusi huendelea na hatua inayofuata. Asiye navyo huambiwa arudi baada ya miaka kadhaa.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, kioo cha Papanicolaou hakikuwahi kuwafikia wanawake wengi. Kilihitaji maabara, wataalamu wa kusoma, na zaidi ya yote kilimhitaji mwanamke arudi wiki kadhaa baadaye kuchukua majibu. Aliyesafiri kutoka kijijini kwa nauli ya kukopa alirudi mara chache. Ndiyo sababu nchi kama Tanzania na Kenya zilichukua njia ya siki: muuguzi anapaka, anasubiri dakika moja, anatazama. Likionekana doa jeupe, ambalo mipaka yake yote inaonekana na halikuingia ndani ya mfereji, linaweza kugandishwa au kuchomwa kwa joto siku hiyo hiyo. Likiwa kubwa au la kutisha, mama hupewa rufaa. Ni mtindo wa Hinselmann bila lenzi. Wapo watakaotibiwa pasipo ulazima, na watunga sera walilijua hilo. Walipima hasara hiyo dhidi ya mwanamke anayeondoka na karatasi na kutoonekana tena hadi afikapo Ocean Road jijini Dar es Salaam akiwa anatoka damu. Aliyetibiwa hutakiwa kurudi baada ya mwaka, na hapo ndipo mnyororo unapokatika kwa wengi.

Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Kwa mujibu wa takwimu za kimataifa za mwaka 2022, saratani hii iliwapata wanawake wapatao 660,000 duniani na kuua takriban 350,000, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Mary Papanicolaou aliishi miaka 20 baada ya mumewe, akafariki dunia mwaka 1982. Ugiriki ilimuenzi mumewe mwaka 1995 kwa kuweka picha yake kwenye noti ya drakma 10,000, upande wa pili akiwapo Asclepius, mungu wa uganga wa Wagiriki wa kale. Noti hiyo iliondoka kwenye mzunguko mwaka 2002, nchi hiyo ilipoanza kutumia euro.